Zabibu za Mgeni wa Mwisho

Mgeni alikuwa amemaliza samaki wake tangu saa nane, na Kaliroi, mwenye mkahawa huo katika kisiwa cha Ugiriki, alikuwa bado hajampelekea bili.

"Mpelekee, shoga," mpishi alisema huku akifunga sanduku lake. "Mimi meli yangu inaondoka saa kumi. Huoni anavyokukodolea macho?"

"Hajaomba. Nikimpelekea kabla hajaomba, si namfukuza?"

"Huyo si Mgiriki, hajui desturi yetu. Anadhani umemsahau."

"Basi nitampelekea zabibu za bure kwanza."

"Sema tu unataka kukaa naye!" mpishi alicheka.

Kaliroi aligeukia kapu la zabibu. Msimu wa watalii ulikuwa umekwisha; kesho angefunga mkahawa wake, na mpaka Aprili hapangekuwa na mtu mwingine wa kuketi naye mezani. Alichagua kishada kinachotosha watu wawili, akakiosha zabibu mojamoja.

Alipotoka nje, kiti kilikuwa kitupu. Noti ya euro hamsini ilikuwa imebanwa chini ya kichupa cha chumvi, zaidi ya mara mbili ya bei. Mgeni alikuwa ameshafika barabarani.

"Bwana! Ngoja!"

Akamkimbilia na sahani mkononi. Mgeni aligeuka, akashtuka, akainua mikono yote miwili.

"Nimelipa, mama," alisema. "Nimeacha pale mezani. Nimelipa."