Sahani ya Kando ya Kisima

Kila mchana mama yao alikuwa akifunika sahani ya wali kwa kawa na kuiweka uani, kando ya kisima kilichokauka. "Ya paka," aliwaambia, nao wakakua wakiamini hivyo. Siku ya pili baada ya maziko ya mama, Mwanahawa, binti yake mkubwa, aliiweka yeye.

"Dada, humu uani umewahi kumwona paka?" aliuliza mdogo wake, Shaali.

Wakatoka kutazama. Sahani ilikuwa tupu, imeoshwa, inachuruzika maji. Kutoka kisimani ikaja sauti ya upole.

"Leo hukupika wewe. Unaumwa?"

Mwanahawa akafungua kinywa apige kelele, lakini sauti iliyomtoka ilikuwa ya mama yao.

"Nimepata nafuu. Kesho nitapika mwenyewe."