Bahasha ya Zuhura

"Ukiifungua hiyo, umenifungulia na mimi," alisema Kidawa, akaufunika kwa kiganja muhuri wa maabara kwenye bahasha.

Zuhura alishusha pumzi kwa hasira. Walikuwa mapacha wa yai moja, na daktari alikuwa amemweleza waziwazi: damu yake ikionyesha kwamba amerithi ile kasoro iliyomletea mama yao saratani ya matiti, basi pacha wake naye anayo.

"Mwili ni wangu, Kidawa. Nikijua mapema, nitatibiwa mapema."

"Na mimi nataka kuishi bila kuhesabu siku. Mama alijua kwa miaka sita. Ulimwona akicheka?"

"Basi nenda chumbani. Sitakwambia kitu."

"Utanifichaje, na uso wako ndio huu wangu?"

Wiki tatu nzima Zuhura alikuwa amebembeleza, amegombana, amelia, na bado walikuwa palepale. Akaisukuma mikono ya ndugu yake, akaichana bahasha, akampa mgongo. Alisoma mstari mmoja. Akaurudia.

Nyuma yake kiti kikaburuzwa, na nyayo zikaanza kumzunguka taratibu kuja mbele. Zuhura aliuma meno, akainua karatasi haraka na kujifunika uso.

Kidawa alisimama pale, karibu kabisa, akiutazama ule upande mweupe usioandikwa kitu, ukitikisika kila pacha wake alipopumua.