Nukta-mkato ya Pili

Mimi kompaila ya Java, ile inayokagua programu kabla haijaendeshwa, haijawahi kunikatalia kitu. Ndivyo nilivyomwambia Madamu Kahambu, mwenye shule ya kompyuta pale Bwera.

Akacheka. "Programu yako ikipita kwa mashine yangu bila kusahihisha hata alama moja, unaanza kufundisha Jumatatu."

Nikaiweka. Skrini ikajaa wekundu.

Shida ni kwamba mimi ni mtoto wa Kyarumba. Kwetu gunia la kahawa tunalifunga mafundo mawili kwa sababu ya mteremko, na mistari yangu naifunga vilevile, nukta-mkato mbili mbili. Kompaila ya laptopu yangu, toleo la zamani, huvumilia. Hii mpya ya Bwera iliikataa ile ya pili, palepale kwenye mistari ya juu ya import.

Simu ya Madamu ikalia, kutoka Butembo, ng'ambo Congo. Madamu akageukia dirishani. "Allô?"

Kidole changu kikatua polepole kwenye kitufe cha kufuta. Tik. Tik. Wekundu ukaisha.

"Madamu, mashine yako ilikuwa inasinzia tu! Sasa imekubali yenyewe."

Hakugeuka. Kioo cha dirisha mbele yake kilikuwa safi mno.

"Yenyewe? Na ile kidole naona hapa kwa kioo, ni ya nani, mwalimu?"