Ndugu Fransis Atembelea Magofu

Kwenye lile lori la kwenda makumbusho, aliyekaa vizuri kuliko wote alikuwa kuku. Alipakatwa na Mauwa, mama mmoja wa Kimwera, kivulini kabisa. Gregori alikalia tairi la akiba na suruali yake ya bugaluu, jua linampiga utosini, na siku hiyo jina lake lilikuwa Fransis.

Ilikuwa hivi. Gregori kamaliza kidato cha nne mwaka jana, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kuzunguka Temeke akichana nywele. Alijiona msomi, japo cheti chake kilikuwa na alama ambazo hata mama yake hazitajagi mbele ya wageni. Balozi wa nyumba kumi akamwambia, kistaarabu tu, kwamba jina lake ameshaliandika kwa penseli kwenye orodha ya vijiji vya ujamaa. Akileta barua ya kazi kabla ya Jumamosi, balozi analifuta. Asipoleta, akalime.

Mie nikalime, akawaza Gregori, na viatu hivi vya raizoni, visigino virefu hivi?

Jumamosi ikafika, barua hakuna. Asubuhi mapema akatokea mlango wa uani, akakata mitaa. Mbele ya ofisi moja hivi ya tawi la chama akakuta lori, watu wameshapanda na vifurushi vyao. Akauliza wanakwenda wapi. Mauwa akamjibu kwamba wanaanzia makumbusho kuangalia nyumba za kienyeji, halafu magofu ya Kunduchi, pwani kabisa. Gregori akaona leo Mungu wake yuko macho. Balozi atamtafuta kijiweni, atamtafuta sinema. Nani anamtafuta mtoro makumbusho?

Majina yalikuwa yameshaitwa, limebaki moja tu. Mwenye orodha, mwalimu mrefu wa Kipare aitwaye Elinaza, alikuwa analiita kwa mara ya tatu: Fransis Kasimiri.

"Nipo, mwalimu. Shikamoo," akasema Gregori, akadandia.

Aliuona huo ndio ujanja wake mkubwa kuliko yote tangu amalize shule. Na kweli, maana mwingine hakuwa nao.

Huko makumbusho Mwalimu Elinaza hakuwa na mchezo. Aliwazungusha nyumba moja moja, ya Kizaramo, ya Kihaya, ya Kigogo, na kila nyumba ilikuwa na maswali yake. Paa hili limefungwa na nini? Udongo umekandwaje? Mchonga vinyago mmoja wa Kimakonde, Anselmo, akawa anapima nguzo kwa shubiri huku anataja namba peke yake. Gregori akajua tu, hawa ni watu wa kisomo cha watu wazima, wana mtihani wiki ijayo. Akawaonea huruma. Akasimama mbele, mikono nyuma, akawaeleza jinsi nguzo zinavyochimbiwa na fito zinavyofungwa, maneno aliyoyasoma kwenye kibao dakika mbili zilizopita.

"Ndugu Fransis, kumbe unaijua kazi," mwalimu akasema, akaandika kitu kwenye daftari.

Gregori kichwa kikamvimba, kofia isingemtosha.

Waliporudi kwenye lori akamchokoza Mauwa. "Mama, na kuku naye anasoma historia?"

"Kuku mgeni hatagi, mwanangu," akasema Mauwa, anamfuta kuku vumbi. "Bora azoee mapema."

Gregori akacheka mpaka akajigonga kwenye ubao wa lori.

Kunduchi wakaonyeshwa msikiti uliobomoka na makaburi yenye nguzo ndefu, zile zilizopachikwa sahani za Uchina. Gregori akasogea kuangalia vizuri, macho kafinya kama bingwa wa sahani. Wenzake wala. Wao walimzunguka mlinzi, Mzee Mwinshehe, wakamuuliza watu wa zamani walikuwa wakichota maji wapi, na mchanga huu muhogo unakubali? Mzee akasema kisima kipo kule bondeni, maji yake yanafaa, na muhogo unakubali sana. Wakatikisa vichwa kama watu waliosomewa urithi.

Ikamuuma. Akamwambia Anselmo kwamba nchi hii itachelewa, watu wanaletwa kuona mambo ya karne na karne, wao wanaulizia muhogo. Anselmo akayatazama yale maraizoni kwa muda mrefu.

"Huna vingine?"

"Vya nini? Hivi ndiyo vya kutembelea," akasema Gregori.

Lori likaendelea mbele kidogo, likaacha barabara, likasimama kwenye uwazi katikati ya vichaka. Hapakuwa na ukuta wala kaburi. Kulikuwa na nguzo zimelazwa chini na kamba zimevutwa kwenye vijiti. Gregori akaruka wa kwanza, akajifuta vumbi magotini, akauliza kwa sauti ya msomi gofu hili ni la karne ya ngapi.

Mauwa alikuwa anamfungua kuku kamba miguuni. Dereva akashusha vifurushi, akashusha majembe, akageuza lori akaondoka.

Mwalimu Elinaza akafungua daftari. "Fransis Kasimiri, kiwanja cha kumi na saba. Na ndiye msimamizi wetu wa ujenzi." Akamkabidhi jembe.

Gregori akalishika lile jembe kama kashikishwa mtoto wa watu.

"Mwalimu, samahani, hapa kuna makosa. Mie siyo Fransis. Mie naitwa Gregori. Gregori Komba, wa Temeke."

Mwalimu akafunua ukurasa wa pili, wa majina ya akiba yaliyoletwa na mabalozi, akateremsha kidole mpaka chini kabisa, na uso ukamchangamka. Akatoa kalamu ya wino, akapitisha taratibu juu ya maandishi ya penseli, kisha akamletea jembe la pili.