Wa Kwanza Kushika Mtumbwi

Kwenye ufuo wa Kavimvira, mwanamke wa kwanza kushika ubavu wa mtumbwi ndiye hununua ndagala, wale dagaa wadogo wa ziwani, kwanza. Tangu kifundo cha mguu wake kilipoteguka, kikagoma kupona, Generose hufika wa mwisho.

Leo aliamka akakuta ziwa limepanda hadi ndani ya nyumba. Masufuria yalielea polepole. Alisimama, maji ya vuguvugu yakamfika magotini. Kifundo hakikumuuma. Kilikuwa chepesi kama cha mtoto.

Mtumbwi ukaingia uani, kimya. Generose akauendea bila kuchechemea, akaweka kiganja juu ya ubao uliolowa.

"Leo ni miye wa kwanza."

Mvuvi aliyeketi ndani yake hakumtazama usoni.

"Mama, hatuna ndagala. Tumekuya kukuchukua weye, uende kwa waliotangulia."