Nukta za Uso wa Mama

Picha ya marehemu mama ilijichora kwenye kompyuta nukta kwa nukta, kuanzia chini, maana Damari alikosea kupanga mistari ya programu yake. Ikatangulia miguu, imezama kwenye tope la majaruba ya mpunga ya Ubaruku, yale waliyonyang'anywa.

"Ukucha wake ule!" baba akaruka. "Ulipasuliwa na jembe!"

Kikaja kitenge, mikono, shingo. Hapo picha ikakatika. Simu iliyoihifadhi iliungua siku walipochomewa nyumba, na kwenye kadi yake ilipona sehemu hiyo tu.

"Nijaze nukta za uso wangu, baba? Si mnasema tumefanana?"

"Usimtungie uso, mwanangu. Waliotunyang'anya mashamba waone walichochoma."

Damari akaziandika nukta zote zilizobaki kwa rangi nyeupe.

Baba akavuta stuli, akakiweka kiganja pale peupe, taratibu, mahali pa shavu.