Barua ya Marufuku

Kabla ya kuingia mahabusu, Nyamvula aliziba masikio kwa pamba. Pamba haikuzuia maneno. Ilizuia mioyo. Moyo wa mwongo huruka pigo, na yeye alikuwa akilisikia pigo hilo hatua kumi mbali. Sasa kulisikia kulikuwa kosa.

"Toa hiyo pamba, mama," Musyoka alimsihi. "Nisikilize mara moja tu."

"Siruhusiwi."

Musyoka alikuwa mlinzi wa bohari ya dawa, Miritini. Dawa zilitoweka, mlango ukakutwa wazi bila kuvunjwa, na ufunguo ulikuwa mmoja tu, wa kwake. Kesho saa tatu angesimama kizimbani.

Miezi minne nyuma, shauri kama hili lingekwisha kabla ya chai. Kisha Jefwa, mkubwa wa kikosi chao cha wenye vipawa, aliwaita kwenye kinu cha mashine cha kusaga unga akawasomea barua ya mahakama: ushahidi uliopatikana kwa kipawa utatupwa, na aliyekitumia atafungwa. Wakatii. Watu walioapa kulinda sheria hawabishani na muhuri.

Kai, aliyezoea kuinua lori kwa mkono mmoja, alianza kufukuza wezi kwa rungu na filimbi, akihema. Nyamvula alishika daftari. Jefwa naye, aliyezoea kufungua kitasa kwa kukigusa tu, akajivika ufunguo wa nyumba yake shingoni, kama mtoto wa shule.

"Kaka, leo wajua kitasa ni nini," Kai alimtania.

"Sheria haina mkubwa, ndugu yangu."

Ni Jefwa huyo huyo aliyemletea Nyamvula pamba, siku ile ile ya barua, na pakiti mpya kila Jumatatu. Hakuna mwingine aliyekumbuka kwamba masikio hayafumbwi kama macho.

Kutoka mahabusu, Nyamvula alikwenda moja kwa moja kwenye masjala ya mahakama. Karani, Mercyline, alikuwa akifunga madirisha.

"Nimekuja kuomba marufuku yetu iondolewe kwa saa moja," Nyamvula alisema, akamwekea nakala ya barua mezani. "Kuna mtu ataozea jela bure."

Mercyline aliisoma mara mbili. Akafungua rejista, akashusha kidole ukurasa mzima.

"Nambari hii ni ya kesi ya mnazi ulioangukia ukuta wa jirani."

"Tazama tena, tafadhali."

Alitazama tena, rejista ya mwaka huu na ya mwaka jana.

"Mama, hakuna marufuku. Haikupata kuwapo." Akaigeuza barua, akaugusa muhuri kwa ukucha. "Na wewe si ndiye yule anayesikia uongo? Mtu alisimama mbele yako akakusomea hii, usimsikie?"

Nyamvula alitoa pamba sikio la kushoto, kisha la kulia, akaziweka juu ya barua.

"Mashine ilikuwa ikisaga," alisema.